Polisi Aliyepanga kwa Mama

Nilirudi Tabora kutoka Sikonge na debe la asali begani na ndevu za miezi mitatu, nikakuta buti za polisi zimesimamishwa kwenye kizingiti cha chumba changu. Zilikuwa zimepigwa rangi zikang'aa hata kivulini. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za porini, na kabla sijatua debe akaniambia nisiingie chumbani bila kubisha hodi, kwa sababu mwenyewe amekesha lindoni na sasa amelala.

"Mwenyewe nani?"

"Mpangaji," akasema, akaendelea kupepeta.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijijini. Serikali ilikuwa imeleta askari wengi kuliko nyumba za kuwaweka. Wenye wake walipewa kota, makapera wakaambiwa watafute vyumba mjini, na mjumbe wetu wa nyumba kumi akamleta mmoja kwa mama, akamwambia kwamba kijana huyu ni wa pwani, Mzaramo, hana ndugu hapa, na nyumba yenye askari haiibiwi. Mama alimpa chumba changu. Sikuwa na haki ya kulalamika. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kulala katika chumba kile mwezi mzima mfululizo. Nilikuwa nimepakia pamba Nzega, nimefagia mabehewa, nimekaa na warina asali mpaka nguo zangu zikanuka moshi. Kila nilipochoka mahali niliondoka. Kama ningekuwa na haki, ningegomba siku ile ile, tungemaliza. Kwa kuwa sikuwa nayo, lilinikaa rohoni.

Nilitandika mkeka sebuleni. Jioni mpangaji akatoka, amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, akaniona, akampigia mama kelele kwamba mwenye nyumba amerudi, sasa sisi wakimbizi tutalala wapi. Mama akacheka. Mpangaji aliniita hivyo hivyo siku zote: Mwenye Nyumba. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na umri kama wangu, miaka ishirini na nne au mitano, mrefu kidogo kunizidi, na meno yake yote yalikuwepo.

Wasiojua wataona ajabu kwamba mama yangu, mwanamke wa Kinyamwezi wa mjini, mwenye kuswali swala tano, alikuwa akitukanana na kijana wa watu asubuhi mpaka jioni. Ni utani. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka kwetu mpaka pwani, na wengi walifia njiani au huko huko walikofika, na waliowazika ni watu wa kule. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wanaweza kutukanana, kunyang'anyana vitu, na panapo msiba mmoja ana kazi kwa mwenzake ambayo ndugu wa damu hawezi kuifanya.

"Ninyi mlizaliwa kubeba mizigo," mpangaji alikuwa akimwambia mama akimwona na ndoo kichwani, huku anampokea ile ndoo.

"Na ninyi mlizaliwa kukaa mchangani mnangoja mizigo ije. Hebu tazama mikono hiyo, kama ya bibi harusi."

Mimi nilikuwa nakaa pembeni nachonga kijiti. Mama hakunitania mimi. Mwana hataniwi. Mimi niliulizwa kama nimekula na kama nina homa.

Niseme kweli, nilimchunguza yule mtu kama nilivyokuwa nikichunguza kila kitu. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Nilitaka kujua pingu zinafungwaje, kwa nini filimbi ina kamba nyeupe, mtu akikataa kukamatwa unafanya nini. Alinijibu yote, na kidogo kidogo nikaona kwamba kazi niliyokuwa naitamani haikuwa ile niliyokuwa naiona barabarani. Kituo kizima kilikuwa na Lendrova moja, na hiyo mara nyingi ilikuwa imechukuliwa kubeba mizigo ya watu wanaohamishwa au kumtembeza mkubwa fulani. Askari alikwenda kwenye wizi wa ng'ombe kwa baiskeli, akafika siku mbili baada ya ng'ombe kuliwa. Asubuhi alitumwa kuwazuia watu wasirudi kwenye mahame yao, makazi waliyohamishwa, mchana aliitwa na watu hao hao awasaidie kumtafuta mtoto aliyepotea. Wengine walimwona akija wakafunga milango. Jamaa zake wa pwani walimwandikia barua wakidhani askari ana uwezo wa kila kitu. Alinieleza haya akiwa anasugua kifungo cha mkanda kwa majivu, bila kulalamika. Nami, badala ya kumhurumia, nilimwonea wivu hata kwa taabu zake, kwa sababu zilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Siku moja akaniambia ametumwa kijiji kimoja cha ndani, upande wa Sikonge, kumchukua mahabusu. Gari hakuna. Atakwenda kwa basi na baiskeli juu ya basi, na kurudi itakuwa kwa miguu, kwani basi lile hurudi mara moja kwa juma. Njia za huko hazijui. Mimi ninazijua kwa sababu ya asali. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mahabusu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye masikio makubwa. Kosa lake lilikuwa kwamba ameuza maksai wa kijiji. Maksai yule alikuwa wake mwenyewe kabla ya kijiji kuwepo. Watu walipohamishwa, maksai akaandikishwa kuwa mali ya wote, na yeye akaendelea kumwita jina lake, hata siku alipompeleka mnadani. Katibu wa kijiji alieleza kwa hasira. Mahabusu alieleza kwa upole. Mpangaji wetu, kwa cheo konstebo, aliwasikiliza wote wawili, akaandika, kisha akamfunga pingu mikono mbele, akamwomba radhi kwa sababu zilikuwa zinabana.

Tulitembea siku mbili katika miombo, baiskeli ikisukumwa kwa zamu, hata na mahabusu, ambaye alisema mikono miwili iliyofungwa pamoja inasukuma vizuri kuliko mmoja. Siku ya pili, jua halijapanda sana, tulikuwa karibu na Ntalikwa. Tukasikia vilio.

Mahabusu akasimama. Alisikiliza, akasema hapo ni kwa mjomba wake, na mjomba alikuwa mgonjwa. Hatukuwa na njia nyingine, barabara ilipita mbele ya nyumba ile yenyewe. Watu walikuwa wamejaa uani. Wakamwona mtoto wao na pingu, kilio kikakatika kidogo, kisha kikaanza upya kwa nguvu zaidi. Bibi mmoja mwembamba, dada wa marehemu, akaja mpaka mbele ya konstebo, akamtazama kuanzia buti hadi kofia.

"Shikamoo, bibi," konstebo akasema. "Poleni na msiba."

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

Angeweza kusema uongo. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi. Angesema Mhehe, Mchaga, kabila lolote.

"Mzaramo, bibi."

Yule bibi akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe.

"Basi hupiti," akasema. "Kaburi limechimbwa tangu alfajiri, mtani hatuna. Watani wetu wote wamehamishiwa huko mbali, kila mmoja kijiji chake. Tulikuwa tunasema tutamzikaje huyu kama mbuzi."

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Konstebo alitazama barabara ya mjini, akamtazama mahabusu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yupo kazini. Bibi akamjibu kwamba hata hii ni kazi. Niliona anavyopambana nafsini mwake. Nadhani kama wangemsihi angekataa. Hawakumsihi, walikuwa wameshampisha njia kuelekea kaburini.

Alifungua mkanda na filimbi, akavitundika kwenye usukani wa baiskeli. Akamfungua mahabusu pingu, kwa sababu mtu hawezi kumtupia mjomba wake udongo akiwa amefungwa. Kisha akanishika bega.

"Kaa naye. Usimwache hata hatua moja."

Nikasema sawa.

Mwanzoni nilikaa naye. Tulisimama pamoja nyuma ya wazee. Konstebo aliruka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema haondoki, marehemu akatafute pengine, hapa pamechukuliwa na mtu wa pwani. Akapima urefu kwa mikono, akasema shimo hili fupi, mtu aliyekula ugali wa nchi nzima mtamkunja vipi humu? Wajane walikuwa wanacheka wameshikana. Mzee mmoja alimrushia kibonge cha udongo, akamwambia toka humo, mla pweza. Naye akajibu kwamba pweza ana mikono minane, ndiyo maana hakukubali kuwa mpagazi. Sijaona msiba ukipumua vile.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mtoto wa nchi ile. Kijiji kile nilikwishapita mara tatu na madebe ya asali na hakuna aliyenikaribisha hata maji. Lugha yao ni yangu, nilinyonya nayo. Mgeni wa juzi, ambaye Kinyamwezi chake ni maneno kumi, alikuwa amelala katika kaburi letu na watu wetu wanampenda. Nikaondoka. Sikwenda mbali, nilikwenda kwenye baiskeli, nyuma ya ghala.

Nilichofanya huko sijawahi kumwambia mtu. Niliuchukua ule mkanda nikaufunga kiunoni. Nikaivaa filimbi shingoni. Mkanda ulinikaa vizuri, kwenye tundu lile lile alilotumia yeye. Nikajinyoosha, nikatembea hatua chache mbele, hatua chache nyuma, mkono mmoja kwenye kifungo. Sijui nilikaa muda gani. Niliposikia watu wanatawanyika niliuvua haraka, nikarudi. Mahabusu hakuwepo.

Konstebo alikuja kutoka makaburini na udongo mpaka kwenye nyusi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alizunguka nyumba moja moja. Kila aliyeulizwa alisema hakuona. Bibi yule alimrudishia kofia, akaifuta vumbi kwa khanga yake.

"Atakuja, mtani. Msiba haujaisha. Tukishaanua tanga atakuja."

Tulitembea kuelekea mjini. Karibu na reli akasimama, akaniambia nikiulizwa niseme nilikwenda kuonyesha njia na kusukuma baiskeli, basi. Mahabusu alikuwa wake, na aliyemfungua ni yeye. Nikaitika. Siku ile nililiona jambo hilo kuwa wema mkubwa kupita kiasi, na uliniuma.

Kituoni walimwandikia shitaka la kumwacha mahabusu akatoroka. Walimchukulia mkanda na kofia, wakamwambia asiingie zamu mpaka mkubwa wa wilaya arudi safari. Mama alipojua, alimkalisha jikoni, akamsonga kwa chakula. Nilimsikia konstebo akimwambia kosa ni lake peke yake, wala asimlaumu mtu. Akasema anatumaini wataliona ni jambo la kibinadamu, hasa mtu akirudi. Na kama hakurudi, basi kazi imekwisha, na kule pwani kuna wadogo zake wanne wanaosoma kwa kazi hiyo. Mama hakumtania. Alimwita mwanangu. Kwa mara ya kwanza nilisikia neno hilo likitoka jikoni na si mimi niliyeitwa.

Sikulala. Nilijiambia kwamba naumizwa na dhamiri, na sehemu yake ilikuwa kweli. Lakini kilichonisukuma zaidi ni kwamba hata katika kuanguka kwake alikuwa ananizidi. Ananifunika kwa ukimya wake, na mama anampenda kwa hilo bila hata kujua sababu. Nikasema nami nitakuwa mkweli. Nitakwenda kusimama mbele yao niseme ni mimi. Tutaona mwema ni nani.

Asubuhi ya siku ya pili nikanyoa ndevu, nikaenda kituoni. Kaunta ilikuwa imezungukwa na watu. Mwanamke mmoja alikuwa ameleta kuku wawili kama ushahidi. Wazee kadhaa kutoka vijiji vipya walitaka kujua nani amechukua milango ya nyumba zao za zamani. Mtu mmoja alikuwa anasimulia habari ya baiskeli yake kwa mara ya tatu. Nyuma ya kaunta alikuwepo sajenti mmoja, mnene, mwenye macho mekundu, na penseli fupi kama kidole gumba. Nilipofikiwa nilieleza kwamba mahabusu aliyetoroka Ntalikwa alikabidhiwa kwangu, na ni mimi niliyemwacha.

Sajenti akaweka penseli chini. Akaniuliza kama konstebo anajua nimekuja. Nikasema hajui.

"Sikiliza, kijana. Hapa unaweza kusema ulikuwa unasukuma baiskeli. Ukarudi nyumbani."

"Nataka kusema kweli."

"Una hakika unataka niandike hivyo? Kwamba alikukabidhi?"

Niliona ananidharau. Niliona anatazama kandambili zangu na shati langu lenye matundu ya cheche, anafikiri mtu kama mimi hawezi kukabidhiwa kitu. Nikarudia kwa sauti ambayo hata mwenye kuku aligeuka: "Alinikabidhi. Alinishika bega akaniambia kaa naye." Sajenti akapumua, akaandika. Aliandika polepole, nadhani akinipa nafasi. Kisha akanigeuzia karatasi nitie kidole. Nikamwambia ninajua kuandika, nikatia sahihi ndefu yenye mikia. Habari ya mkanda sikuisema.

Nilitoka pale mwepesi. Nilipita sokoni nikamnunulia mama tende.

Siku iliyofuata tanga likaanuliwa, na kesho yake asubuhi mahabusu akaja mwenyewe. Alikuwa amenyolewa kichwa, amevaa shati safi. Alisimama kwenye kaunta akangoja zamu yake nyuma ya watu wengine, na alipofikiwa akasema amekuja, wamfunge. Walimuuliza kwa nini alitoroka. Akasema hakutoroka, mama yake mdogo alimwita ndani wakae na wajane, na alipotoka akakuta tumeshaondoka. Alidhani tumemwamini.

Konstebo alirudi jioni kutoka kituoni. Mama alikuwa ameshasikia kwamba mtu amepatikana, akawa amepika pilau. Alimwona mlangoni, akaanza kumtania kwamba leo buti zitapigwa rangi upya, sivyo? Mwenzake alizivua buti mlangoni. Alikaa kwenye kigoda, akatueleza bila kupandisha sauti. Mahabusu kurudi kumefuta lile shitaka la kwanza, au angalau kulipunguza likawa la kukaripiwa na kupigishwa kwata. Lakini katika jalada kuna maelezo ya raia, yenye sahihi, kwamba askari alimkabidhi raia mahabusu aliyefunguliwa pingu. Hilo ni kosa jingine, kubwa kuliko lile. Mkubwa amerudi safari, amelisoma. Yeye konstebo amefukuzwa kazi.

Mama alinigeukia. Sijui alijuaje.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nimekuuliza nani alikutuma."

Nikasema nilitaka kusema kweli. Mama akasema, "Kweli ulikuwa nayo tangu mlipokuwa njiani. Mbona hukuitoa kule?" Kisha akainuka, akaondoa sinia.

Konstebo aliniuliza jambo moja tu, baadaye, tukiwa wawili uani. Aliniuliza kama ni kweli sajenti alirudia kuniuliza mara ya pili kabla ya kuandika. Nikasema ni kweli. Na mimi nikasisitiza? Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelinganisha maelezo ya mashahidi, akakuta yanaafikiana. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Sikuwa mwenyeji tena wala mtani, nilikuwa shahidi.

Aliondoka kwa treni ya kwenda Dar es Salaam, na sanduku moja la bati. Mama alikwenda naye stesheni. Mimi niliambiwa nibaki nilinde nyumba.

Chumba kilikaa kitupu siku tisa. Nilikuwa napita mbele yake kwenda kuchota maji, na sikuingia. Siku ya kumi mjumbe akaja na askari mwingine, mfupi, mwenye kikohozi, akasema kota bado zimejaa. Mama akaja kuniuliza sebuleni, nilipokuwa nimelala kwenye mkeka mchana. Alisimama mlangoni na khanga yake mdomoni.

"Kuna mtu anataka chumba. Wewe utakihitaji?"

Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza. Kwa miaka yote ile nilijiambia siku akiniuliza, nitakaa. Kupitia mlango wa uani nilimwona yule askari mgeni amekwisha kaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapepeta mchele wa mama, anapepeta vibaya, punje zinamwagika, na kuku wamemzunguka.

Nikasema mpe. Jioni ile nilikuwa juu ya lori la pamba naelekea Nzega, na njia nzima nilikuwa nawaza kama mama ameshamuuliza kabila lake.